Kiingereza cha Afisa: Jinsi ya Kuendesha Darasa na Mdahalo kwa Maafisa wa Jeshi Hapa Arusha

Afisa wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania anaweza kutumikia miaka mingi bila Kiingereza kumbana hata mara moja. Amri hutolewa kwa Kiswahili, kwata ni Kiswahili, askari wake anaongea nao Kiswahili, na ni jambo la kujivunia kwamba jeshi letu lina lugha yake. Kisha siku moja jina lake linatokea kwenye orodha ya wanaokwenda misheni ya Umoja wa Mataifa, au kozi nje ya nchi, au anapangiwa unadhimu, yaani kazi ya kupanga na kuratibu, kwenye makao makuu ya kikosi cha mataifa mchanganyiko. Huko kikao cha asubuhi ni Kiingereza. Anaketi na wenzake kutoka Nepal, Bangladesh, Afrika Kusini na Malawi, anaelewa karibu yote yanayosemwa, na ana jambo la maana la kuchangia, pengine kuliko wote waliopo, kwa sababu ni yeye aliyezungumza na wanakijiji jana. Lakini ananyamaza mpaka kikao kinafungwa.

Mwongozo huu unahusu kimya hicho. Sarufi si tatizo lake kubwa. Sekondari amesoma kwa Kiingereza miaka minne au sita. Alichokosa ni mazoezi ya kusema neno mbele ya mtu asiyekubaliana naye, dakika zinakwenda, na huyo anayempinga amemzidi cheo. Darasa la kujaza nafasi zilizo wazi haliwezi kumpa mazoezi hayo. Mdahalo unaweza, mradi uandaliwe kwa kujua kwamba washiriki ni wanajeshi na si wanafunzi wa kidato cha tatu.

Nawaandikia walimu wa Kiingereza wa Arusha wanaoitwa kufundisha maafisa, na maafisa wenyewe wanaotaka kuanzisha kikundi kikosini. Mkoa huu una sababu zake. Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi kiko Monduli, Chuo cha Ukamanda na Unadhimu kiko Duluti, na mjini ndiko makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo mkataba wake ulitiwa saini hapa hapa tarehe 30 Novemba 1999 na kutaja Kiingereza kuwa lugha rasmi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo iko hapa. Mwalimu wa Arusha hana haja ya kutafuta mbali mifano ya watu wanaobishana kwa heshima kwa Kiingereza.

Hatua ya kwanza: Anza na mkuu wa kikosi au chuo

Usianze kwa kununua vitabu. Omba nafasi umwone mkuu, umweleze unachotaka kufanya, na utoke na ruhusa ya maandishi. Ruhusa hiyo itaje siku na saa, mahali, aina ya mada zitakazojadiliwa, na jambo moja ambalo bila hilo kila kitu kitakufa: kwamba maneno yanayosemwa ndani ya mdahalo ni mazoezi ya lugha, hayatanukuliwa nje wala kuingizwa kwenye tathmini ya utumishi ya afisa yeyote.

Muulize pia kuhusu simu na vinasa sauti. Kambini zipo taratibu, na mwalimu raia hapaswi kuzizunguka. Ukiruhusiwa kurekodi, tumia kifaa cha chuo, rekodi zibaki chuoni. Na tangu siku ya kwanza jiwekee mpaka: usimwombe afisa akueleze kikosi chake kiliko, kina watu wangapi au kilifanya nini. Mazoezi yote yatumie vijiji vya kubuni na ramani ya kubuni. Maafisa wakiona unalinda mpaka huo kabla yao, watakuamini haraka.

Hatua ya pili: Wapime, kila stadi peke yake

Majeshi ya NATO hutumia kipimo kiitwacho STANAG 6001, na nchi nyingi zisizo wanachama zimekiiga kwa sababu kimekaa vizuri. Kinapima stadi nne, yaani kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika, kila moja kutoka 0 hadi 5, na matokeo huandikwa kama tarakimu nne zinazofuatana. Afisa wetu wa kawaida, kwa macho yangu ya ualimu, husoma vizuri kuliko anavyosikiliza, na husikiliza vizuri kuliko anavyozungumza. Ukimpa alama moja ya jumla unauficha ugonjwa. Wanaopelekwa kozi Marekani hukutana na mtihani mwingine, ECL, ambao ni wa kusikiliza na kusoma tu. Mtu anaweza kuufaulu vizuri na bado asiweze kusimama na kutoa taarifa ya dakika tatu. Usiuchukulie kama ushahidi wa stadi ya kuzungumza.

Asubuhi moja inatosha kwa kundi dogo. Mazungumzo ya dakika kumi na kila mmoja, faragha. Habari fupi ya kusikiliza mara mbili na kuandika muhtasari. Ukurasa mmoja wa kusoma. Ripoti ya maneno 150 kuhusu tukio ulilowachorea ubaoni. Tunza rekodi na karatasi, utazihitaji mwishoni.

Kisha panga makundi kwa uwezo wa kuzungumza. Hapo utakuta meja anapaswa kukaa na maluteni, na hilo si jambo la kutangaza ukutani. Mwone afande huyo peke yake, umwonyeshe matokeo yake, umpe nafasi ya kuchagua: kundi hilo, au vipindi vya peke yake kwa wiki kadhaa kwanza. Ukimheshimu faragha, darasani atakuwa nguzo yako.

Hatua ya tatu: Shughulikia kwanza makosa yanayoweza kuua

Mwalimu wa shule husahihisha kila kosa kwa uzito mmoja. Kwa afisa, makosa hayalingani. "He go" ni aibu ndogo, kila mtu ataelewa. Lakini yapo makosa yanayobadilisha ukweli wa ripoti, na mengi yanatokana na tofauti ya Kiswahili na Kiingereza. Hayo ndiyo ya wiki za mwanzo.

La kwanza ni saa. Mwanakijiji anasema aliona watu wenye silaha saa nane usiku. Afisa aliyechoka, anayefikiri kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza, anaandika 0800. Ukweli ni 0200, na doria itatafuta nyayo za asubuhi zisizokuwepo. Ongeza tofauti ya majira: Arusha iko saa tatu mbele ya saa ya dunia, ile inayoitwa Zulu jeshini, lakini Goma na Beni, mashariki ya Kongo, ziko saa mbili mbele. Saa nane usiku ya Beni ni 0000 Zulu, wakati Arusha ni saa tisa usiku. Tengeneza kadi, moja kwa kila saa ya mchana na usiku. Mmoja anasoma kwa Kiswahili, wa pili anajibu kwa tarakimu nne za Kiingereza, wa tatu anataja Zulu. Fanyeni dakika tano mwanzoni mwa kila kipindi mpaka jibu litoke bila kuhesabu vidole. Na mfundishe afisa kumuuliza shahidi jua lilikuwa wapi, au kama jogoo walikuwa wameshawika, kabla ya kuandika saa yoyote.

La pili ni ruhusa na katazo. "Si lazima ufyatue" na "usifyatue" ni mambo mawili yaliyo mbali sana. Kwa Kiingereza la kwanza ni "you do not have to fire", la pili ni "you must not fire". Wanafunzi wengi husema "must not" wakimaanisha si lazima. Vilevile "anaweza" yetu inabeba uwezo na ruhusa kwa pamoja, ilhali kanuni za matumizi ya nguvu hutofautisha "can" na "may", na "shall" na "should". Chukua ukurasa wa azimio lolote la Baraza la Usalama, waambie wapigie mstari kila kitenzi cha namna hiyo, kisha waeleze kwa Kiswahili askari anaruhusiwa nini, analazimika nini, amekatazwa nini. Zoezi hili ni kavu na linachosha, na sijui lingine lenye faida kubwa kuliko hilo.

La tatu ni jinsi ya mtu. "Yeye" haisemi ni mwanamke au mwanamume, na afisa akiwa na haraka hubadili "he" na "she" ndani ya sentensi moja. Kwenye ripoti ya mashahidi, anayesoma atadhani walikuwa wawili. Dawa ni kuwapa mashahidi alama, Shahidi A na Shahidi B, na kuzirudia badala ya viwakilishi. Hapo hapo fundisha namna ya kuitikia wakubwa: kwetu "afande" ni mwanamke na mwanamume, lakini kwa Kiingereza lazima achague "sir" au "ma'am", tena papo hapo.

La nne ni mwelekeo. "Kambini" inaweza kuwa ndani ya kambi, kuelekea kambi au kutoka kambi, na kitenzi ndicho kinachoamua. Kwa Kiingereza kihusishi ndicho kinachobeba kazi hiyo. "They ran to the camp" na "they ran from the camp" ni habari mbili tofauti kabisa.

Redio ina Kiingereza chake kidogo, kinafundishika haraka. Alfabeti ya Alpha hadi Zulu, tarakimu zinavyotamkwa, ambapo 9 ni "niner", 5 ni "fife" na 3 ni "tree". "Over" ni nimemaliza, nasubiri jibu lako. "Out" ni nimemaliza, sisubiri. Kuzisema pamoja kama kwenye sinema ni kujipinga. "Roger" ni nimepokea, "wilco" ni nimepokea na nitatekeleza. Na usipomsikia mtu, sema "say again". Usiseme "repeat", kwa sababu kwa wapiga mizinga neno hilo ni agizo la kurudia kupiga pale pale.

Hatua ya nne: Fundisha sikio

Wanaochangia askari wengi kwenye misheni za Umoja wa Mataifa ni nchi kama Nepal, Bangladesh, India na Rwanda. Afisa aliyezoea sauti ya mtangazaji wa London tu atapotea kwenye kikao cha kwanza. Tafuta hotuba na mahojiano ya maafisa wa nchi hizo, dakika mbili mbili, wasikilize bila maandishi.

Halafu tumia mji. Vikao vya Bunge la Afrika Mashariki vina Mganda, Mkenya, Mrundi, Mnyarwanda na Msudani Kusini wakibishana kwa Kiingereza chenye lafudhi zao, na kumbukumbu rasmi za mijadala hiyo zimechapishwa. Chagua kurasa mbili, wape wasome nani alimpinga nani na alianza kwa maneno gani. Mahakama ya Afrika husikiliza mashauri hadharani; omba kibali mapema, wapeleke wakasikilize wakili anavyoulizwa na jaji na kujibu bila kukasirika. Baada ya ziara kila mmoja aje na sentensi tano alizozisikia na anazotaka kuziiba.

Hatua ya tano: Chagua hoja

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Ibara ya 147, inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama cha siasa. Kwa hiyo hoja za vyama, uchaguzi na viongozi walioko madarakani hazina nafasi. Ondoa pia operesheni zinazoendelea, migogoro ya mipaka na majirani, upandishaji vyeo, na mtu yeyote kwa jina. Wapo watakaokuambia ukiondoa hayo hakuna kilichobaki. Wanakosea.

Chukua hii: kikosi cha kulinda amani kisipewe jukumu la kushambulia. Novemba 2012 waasi wa M23 waliingia Goma wakati askari wa Umoja wa Mataifa wapo mjini. Machi 2013 Baraza la Usalama, kwa azimio namba 2098, likaunda brigedi yenye ruhusa ya kushambulia waasi ndani ya MONUSCO, misheni ya Umoja wa Mataifa nchini Kongo, yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wake wa kwanza akawa Mtanzania, James Mwakibolwa, wakati huo Brigedia Jenerali. Upande unaounga mkono hoja utasema kwamba anayeshambulia ameacha kuwa mlinzi asiyeegemea upande, na kwamba wafanyakazi wa misaada ndio watakaolipizwa. Upande unaopinga utauliza raia wa Goma walinufaika nini na kutoegemea upande. Hoja kama hii inamgusa kila afisa aliye chumbani, ina maandishi ya kutosha ya kusoma, na haimgombanishi mtu na kiapo chake.

Nyingine iko karibu nasi zaidi. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope yaliukumba mji wa Katesh, Hanang, na wanajeshi walikuwa miongoni mwa waliofukua na kuokoa. Hoja: katika maafa, jeshi lifanye kazi chini ya amri ya uongozi wa kiraia tangu saa ya kwanza. Au hii, ambayo huchangamsha hata wazito: Kiswahili kiwe lugha ya kazi ya vikosi vya pamoja vya Afrika Mashariki. Umoja wa Afrika ulikikubali Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi Februari 2022, kwa hiyo si ndoto. Ni vizuri sana kumwona afisa akipambana kwa Kiingereza kutetea lugha yake.

Hatua ya sita: Cheo kiachwe mlangoni, kwa utaratibu unaoonekana

Hapa ndipo midahalo mingi ya jeshini hufa, na ndipo nakuomba uweke muda wako. Luteni hampingi kanali. Amefundishwa hivyo tangu Monduli, na kwenye mapambano ndivyo inavyopaswa kuwa. Ukimwambia tu "jisikie huru", hatajisikia huru. Atasimama, atasema anakubaliana na mzungumzaji aliyetangulia, ataketi. Usimlaumu. Mpe sababu ya kupinga ambayo si yake binafsi.

Sababu hiyo ni kura. Kwenye kila mdahalo pande zigawanywe kwa kura, mbele ya wote, vikaratasi vikitoka kwenye kofia. Anayepinga hapingi kwa sababu anaamini hivyo, amepangiwa. Kila afisa duniani anaelewa maana ya kupangiwa. Kuanzia hapo hoja ya luteni dhidi ya kanali ni utekelezaji wa jukumu, na kanali naye hana cha kukasirikia.

Pili, hakuna anayemsemesha mpinzani wake moja kwa moja. Kila neno linapitia kwa mwenyekiti: "Mr Chairman", au "Madam Chair". Na wazungumzaji waitwe kwa nafasi zao, mzungumzaji wa kwanza wa upande wa kupinga, wa pili, wa tatu. Cheo kisitajwe. Mkuu akikubali, mdahalo ufanyike kwa mavazi ya kiraia. Asipokubali, usilazimishe, utaratibu wa majina unatosha.

Tatu, mkuu wa kikosi asiwe mwenyekiti, wala asiwe jaji. Mwombe asihudhurie midahalo miwili ya mwanzo. Wa tatu aje kama msikilizaji. Kisha, na hili ndilo litakalobadilisha chumba kizima, mwombe asimame kama mzungumzaji, kwa kura kama wengine, apingwe. Kamanda anayekubali kupingwa na luteni usu kwa dakika nne na kumpa mkono baada yake amewafundisha maafisa wake zaidi ya mwalimu yeyote. Majaji wawe watatu: mwalimu raia, afisa kutoka kikosi kingine, na mtu wa nje asiyemjua yeyote.

Nne, wape maneno. Afisa mwenye adabu hukaa kimya kwa sababu Kiingereza anachokijua cha kupinga ni "you are wrong", na hawezi kumwambia mkubwa hivyo. Mpandishe ngazi. Chini kabisa ni kuuliza: "May I ask how we would resupply, sir?" Juu yake ni kuonyesha hatari bila kupinga: "With respect, ma'am, I see a risk in the timing." Kisha kukubali nusu: "I agree with the aim. My concern is the route." Kisha kupinga wazi na kutoa njia nyingine: "I would advise against it, sir. May I propose an alternative?" Zoezi ni kupewa mpango mbovu wa kubuni na kuupinga kwa ngazi zote nne, moja baada ya nyingine. Siku ya kikao cha kweli atachagua ngazi inayomfaa mtu aliye mbele yake, na hiyo ni hekima ambayo Mswahili anayo tayari kwenye lugha yake. Anahitaji tu kuihamisha.

Hatua ya saba: Endesha mdahalo

Mtindo wa bunge la Uingereza unaotumika vyuo vikuu una timu nne za watu wawili wawili, maandalizi ya dakika kumi na tano, hotuba za dakika saba. Ni mzuri, lakini ni mzito kwa kuanzia. Anza na watatu kwa watatu. Kila mmoja dakika nne, kisha kila upande dakika mbili za kufunga, kisha dakika kumi na tano za wasikilizaji. Saa moja, mmemaliza.

Mdahalo wa kwanza wape hoja wiki nzima kabla. Wa pili, siku mbili kabla. Kuanzia wa nne, dakika kumi na tano tu. Kwenye misheni hakuna wiki ya kujiandaa.

Mzungumzaji aruhusiwe kadi moja ya mkononi yenye maneno machache. Hotuba iliyoandikwa yote na kusomwa isihesabiwe hata ikiwa nzuri. Huko ni kusoma kwa sauti. Katikati ya hotuba, baada ya dakika ya kwanza na kabla ya ya mwisho, mpinzani anaweza kusimama kuomba nafasi ya swali la sekunde kumi na tano. Mzungumzaji ana haki ya kukataa, lakini akikataa mara zote apunguziwe alama.

Sheria ninayoithamini kuliko zote ni hii: kuanzia mzungumzaji wa pili, kila mmoja aanze kwa kueleza hoja ya mpinzani kwa sentensi moja, kwa haki, kiasi kwamba mpinzani mwenyewe aitikie kwa kichwa. Akiipotosha, mwenyekiti amsimamishe airudie. Sheria hii inalazimisha watu kusikiliza badala ya kusubiri zamu, na inampa aliyeganda mahali pa kuanzia.

Atakayeganda yupo. Msimwokoe haraka. Mwenyekiti ahesabu kumi kimoyomoyo, kisha amsomee neno la kwanza la kadi yake. Karibu wote huendelea.

Hatua ya nane: Sahihisha kwa kiasi

Wakati wa hotuba usimkatize mtu kwa kosa la lugha. Andika. Baadaye chagua makosa matatu tu kwa kila mzungumzaji, ukianza na yale yaliyobadilisha maana, na umpe karatasi yake mkononi. Ya jumla yaandike ubaoni bila jina. Matamshi yasikushughulishe sana. Lafudhi ya Kitanzania ni safi na inaeleweka. Gusa pale tu maneno mawili yanapogongana, kama "ship" na "sheep", "live" na "leave", au "l" na "r" kwa wale ambao lugha zao za nyumbani hazizitofautishi.

Afisa mkubwa asisahihishwe mbele ya wadogo wake wiki za mwanzo. Baadaye, akiomba mwenyewe, mfanyie.

Hatua ya tisa: Toka kwenye mdahalo uende kwenye kazi

Mdahalo ukiisha na kila mtu akaenda kula, umepoteza nusu ya faida. Wakae tena dakika ishirini na tano, kila mmoja aandike ukurasa mmoja kwa kamanda wa kubuni: tatizo, njia mbili, hatari za kila moja, pendekezo. Aliyepangiwa kuunga mkono lazima aandike pia hatari za upande wake. Ripoti ziwe na mafungu matatu yasiyochanganywa: nilichokiona, nilichoambiwa na nani, na ninachokadiria. "I saw", "I was told by", "I assess". Fungu la tatu likiingia kwenye la kwanza, rudisha karatasi bila kuisoma zaidi.

Na lipo zoezi moja ambalo Mtanzania analiweza kuliko karibu yeyote atakayekaa naye mezani. Mashariki ya Kongo watu wanazungumza Kiswahili, chenye ladha yake lakini Kiswahili. Maafisa wengine wote watategemea mkalimani. Kwa hiyo mtafute mzee mmoja au mama wa sokoni, ukishapata kibali, aje asimulie kwa Kiswahili kisa cha kubuni kwa dakika tano, kwa mzunguko wa kawaida wa wazee: aanzie kwa ng'ombe wa shemeji yake, apitie mvua, afike kwenye watu wenye bunduki mwishoni. Afisa asikilize bila kumharakisha, amwitikie kwa adabu, aulize maswali mawili. Kisha ageuke na kutoa taarifa kwa Kiingereza kwa dakika moja, redioni, kwa mtu aliyeko chumba kingine ambaye ataandika alichosikia. Linganisheni. Mfanyeni mzee awe jaji: somea tena kwa Kiswahili yale yaliyofika chumba cha pili, aseme kama ndicho alichosema.

Baada ya wiki kumi na mbili hivi rudia kipimo cha mwanzo, kwa urefu ule ule na ugumu ule ule, bila kubadilisha mtahini kama inawezekana. Mwite kila afisa peke yake, msikilizishe rekodi ya kwanza na ya pili mfululizo, mwache aseme mwenyewe anachosikia kabla hujamwonyesha alama. Kwa mkuu peleka tarakimu nne za kila mtu, bila kupanga nani wa kwanza na nani wa mwisho, na uambatishe orodha ya wanaohitaji vipindi zaidi vya kuzungumza kabla ya kuondoka.